Hewa Iliyobaki Kati ya Vioo

Jua lilipofika ukuta wa magharibi, dirisha la sebuleni kwa Målfrid lilianza kuongea, na Målfrid akainuka kwenda kuongeza sauti ya redio.

"Iache," Oddny akasema.

"Ni bei za samaki. Napenda kuzisikiliza."

"Tangu lini? Samaki wenyewe unaletewa na shemeji yako."

Målfrid akapunguza redio, si sana, akarudi kukaa. Mezani palikuwa na kahawa na mkate mwembamba wenye siagi na jibini ya kahawia. Walikuwa majirani tangu jengo liliposimamishwa, Målfrid chini, Oddny ghorofa ya juu kabisa, na kwa miaka thelathini na kitu walikuwa wamekunywa kahawa pamoja karibu kila siku bila kukorofishana. Lakini tangu theluji iyeyuke, Oddny alikuwa haji tena asubuhi. Alikuja saa ya jua, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, na kahawa yake ikapoa.

Lilikuwa dirisha la mbao lenye vioo viwili, na utepe wa gundi uliofunga kingo za vioo hivyo ulikuwa umechoka kwa uzee. Ukungu ulikuwa umejaa katikati, mahali ambapo kitambaa cha kufutia hakifiki. Jua likikipasha moto kioo cha nje, hewa iliyokuwa ndani ilitanuka ikasukumwa nje penye ufa, na pamoja nayo zikatoka sauti za jioni ile vioo vilipofungwa. Kioo kikipoa, dirisha lilivuta hewa mpya na kunyamaza. Kila siku sauti zilififia kidogo, kwa sababu hewa ya leo ilikuwa inachukua nafasi ya ile ya zamani.

Halikuwa dirisha la Målfrid peke yake. Jengo zima lilikuwa mali ya ushirika wa waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha madirisha, pale Sørfjæra, chini ya mlima na juu ya ghuba. Kiwanda kilikuwa kimewapa mbao na vioo vyenye kasoro ndogo ndogo, wakajitengenezea madirisha yao wenyewe katika karakana ya kiwandani, jioni, baada ya kazi, kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyolipwa. Pale Sørfjæra mtu anaweza kukataa kwenda harusini, anaweza hata kukataa kwenda mazishini, lakini msaragambo haukataliwi. Na sasa utepe uleule, wa pipa lilelile, ulikuwa unakufa dirisha baada ya dirisha. La Gudmund lilitoa mlio wa msumeno na Gudmund mwenyewe akiimba tenzi za kanisani vibaya. La ngazini lilipiga chafya. Watu walilalamika kuhusu baridi inayopenya na kuhusu ghuba kutoonekana vizuri.

La Målfrid lilisema maneno yale yale kila siku, na Oddny alikuwa ameyajua kwa moyo.

Kwanza mlango unafungwa. Kisha sauti ya Hallstein, fundi mwenzao, kavu na ya ujana: "Feni hii inatoa joto lote nje. Gundi haishiki kwenye baridi hivi."

Kisha sauti ya Torleif, mume wa Oddny: "Na moshi wa hita uende wapi? Iacheni feni jamani."

"Torleif bwana, wewe ukikatwa na karatasi unataka ambulensi. Haya, tupige kura. Wanaotaka feni izimwe?"

Hapo yalisikika makoti mazito ya kazi yakikwaruza, mikono ikiinuka. Halafu kicheko cha watu wengi, na ndani yake kicheko cha Målfrid, chembamba, kisichofanana na cha mtu mwingine yeyote.

"Imepita. Na fyuzi naitia mfukoni, asije mtu akaiwasha kwa siri."

Kisha brashi kwenye kioo. Kisha Torleif tena, karibu zaidi, kama aliyeinama juu ya kile kioo chenyewe: "Hallstein. Kichwa kinaniuma."

Hakuna aliyemjibu. Dirisha lilipofika hapo lilinyamaza, na redio ikaendelea na bei ya chewa.

"Nikuongezee kahawa?" Målfrid akauliza.

"Hii bado ninayo."

Jioni ile Oddny alikuwa kwenye chumba cha chakula cha kiwandani, anachoma vafeli, ile mikate laini yenye umbo la mioyo ambayo bila hiyo msaragambo haujaitwa msaragambo. Harufu iliwafikia, wakaja wote, mashavu mekundu, wanacheka. Torleif alituma ujumbe kwamba anamalizia kioo kimoja, cha sebuleni kwao. Oddny akamwekea vafeli zake pembeni, akazifunika kwa sahani. Zilipoanza kulegea kwa mvuke akazichukua mwenyewe na jamu juu yake, akampelekea, akamkuta amelala sakafuni karibu na hita ya mafuta ya taa, brashi mkononi, hapumui. Daktari alipouliza kuhusu feni, Hallstein alikuwa wa kwanza kusema. Alisema Torleif alisikia baridi akaizima mwenyewe. Wengine walikuwa bado hawajavua hata makoti ya kazi. Wakaitikia kwa vichwa.

Tangu hapo, pale Sørfjæra, mtu akisahau sufuria motoni amefanya Torleif. Akiacha taa za gari zinawaka usiku kucha, amefanya Torleif. Watu hawakusema hivyo kwa ubaya. Mchungaji alisema hivyo siku kanisa lilipoachwa wazi. Watoto waliozaliwa baadaye walidhani ni neno kama maneno mengine. Na Oddny mwenyewe, miaka ile ya mwanzo, alikwenda makaburini siku za Jumapili akasimama mbele ya jiwe na kumsuta: wewe, fundi wa madirisha, umeshindwaje kukumbuka feni? Alikuwa amemkasirikia muda wote huo, vile mtu anavyomkasirikia aliyetoka bila kufunga mlango wakati wa baridi.

Sasa alijua. Na alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mmoja kati ya walioinua mikono aseme mbele ya wengine kwamba si Torleif.

*

Hallstein alipanda ngazi kwa Oddny katikati ya wiki, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake. Alikuwa mwenyekiti wa ushirika tangu zamani, mtu mrefu aliyeanza kupinda mgongo, ovaroli yake ya kiwandani bado mwilini ingawa kiwanda kilikwisha kufungwa. Kila majira ya baridi yeye ndiye aliyemwondolea Oddny theluji kwenye ngazi za nje kabla hajaamka. Bomba likivuja, alikuja bila kuitwa.

"Msaragambo wa Jumamosi, ni wewe kwenye vafeli," akasema.

"Lini imekuwa mtu mwingine?"

"Nauliza tu. Kuuliza ni adabu." Akalisogelea dirisha la sebuleni kwa Oddny, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo, akainama kutazama kona. Ndilo dirisha pekee upande wa magharibi lililokuwa bado safi. Ghuba ilionekana ndani yake kama imeoshwa. "Hili halihusiki. Halijatoboka."

"Alilifunga mwenyewe."

"Naona," Hallstein akasema. "Kazi nzuri."

Akaketi, akaeleza mpango. Vioo vipya kwa jengo zima wasingeviweza, mkutano ulikwisha kukubaliana. Wangetoboa kila kioo cha nje vitundu viwili vidogo, kimoja kona ya chini, kimoja kona ya juu. Wangepitisha spiriti kati ya vioo mpaka itoke safi, wakaushe kwa draya ya nywele, kisha wazibe kwa vizibo vidogo vya plastiki vinavyoruhusu unyevu kutoka. Baada ya hapo wakwangue puti kuukuu inayoshikilia vioo kwenye mbao, wapake mafuta ya kitani, waweke puti mpya na rangi. Ukungu ungekwisha.

"Na sauti?" Oddny akauliza.

"Sauti zinatoka pamoja na unyevu. Huwezi kuvitenganisha."

"Za kwa Målfrid umezisikia?"

Hallstein akatazama soksi zake. "Madirisha yanavuja, Oddny. Ndiyo maana tunayarekebisha."

"Mtaanzia wapi?"

"Chini, magharibi. Kwa Målfrid. Asubuhi, kabla jua halijafika huko. Puti haipendi jua."

Oddny akamimina kahawa polepole. Wakianza asubuhi kwa Målfrid, mchana dirisha lingekuwa tupu. Watu wakija kukaa pamoja kula vafeli, kusingekuwa na cha kusikia.

"Puti, sawa," akasema. "Lakini kukausha je? Torleif alikuwa akisema kioo kikaushwe kikiwa na jua juu yake. Kikiwa baridi, unyevu unang'ang'ania ndani, na baada ya wiki mbili ukungu umerudi pale pale."

Hallstein akazungusha kikombe chake. Alikuwa ametengeneza madirisha maisha yake yote na alijua kwamba ni kweli. Alimtazama Oddny kwa muda, na Oddny akamtazama yeye, na katikati yao kahawa ikatoa mvuke.

"Torleif alisema hivyo?"

"Alisema."

"Basi alikuwa sahihi," Hallstein akasema. "Tutaanza mashariki. Magharibi baada ya vafeli."

Alipokuwa anavaa viatu mlangoni akageuka. "Jiko lako umelizima? Nasikia harufu."

"Nimelizima."

"Haya. Usije ukafanya..." Akaishia hapo, akakohoa, akateremka ngazi.

*

Jumamosi kulikucha na anga nyeupe. Wingu lilikuwa limekaa juu ya ghuba kama blanketi, na Oddny aliliona tangu anavunja mayai.

Watu walitoka wote, kama ilivyo desturi, hata Gudmund ambaye goti lake lilikuwa limefanyiwa upasuaji. Jowita, mpangaji mpya kutoka Poland aliyehamia mwaka uliotangulia, alikuja na buti mpya na bidii ya mtu anayetaka kuonekana. Alishika ngazi, alishika ndoo, alishika kila kilichoachwa. Upande wa mashariki drili ililia asubuhi nzima. Madirisha ya huko yalikuwa ya jioni nyingine, za kawaida, na yalipotobolewa yalitoa nyundo, utabiri wa hali ya hewa wa siku fulani iliyosahaulika, na mtu akiuliza kama kuna aliyeona kipimo chake. "Kumbe kilikuwa kwa Gudmund!" mtu akapaza sauti kutoka juu ya ngazi, na watu wakacheka.

Oddny alipanga meza upande wa magharibi, nje, chini ya dirisha la Målfrid. Miaka mingine yote meza ilikaa karibu na chumba cha kufulia, palipokingwa na upepo.

"Kwa nini hapa?" Målfrid akauliza. Alikuwa ameleta vikombe kwenye trei. "Hapa kuna upepo."

"Hapa kutakuwa na jua."

Målfrid akatazama juu, kwenye wingu, kisha akatazama dirisha lake lililojaa ukungu. Ndani, kwenye kizingiti, redio ilikuwa inacheza muziki wa akodiani. Aliviweka vikombe mezani kimoja kimoja, kila mpini ukielekea upande ule ule, kazi isiyo na haja.

"Oddny, mwenzangu," akasema kwa sauti ya chini. "Tulikuwa na baridi kweli jioni ile. Hukuwepo. Wino ulikuwa umeganda kwenye kalamu."

"Nilikuwa nachoma vafeli."

"Ndiyo. Zilikuwa tamu."

Oddny akachomeka waya wa chuma cha kuchomea vafeli, akapaka siagi, akamwaga uji wa kwanza. Harufu ikapanda ukutani. Hakuhitaji kuita. Vafeli huliwa moto, na kumwacha mpishi akisubiri ni aibu kubwa kuliko kuchelewa kazini. Wakaja wakifuta mikono kwenye suruali, wakakaa kwenye viti vya kukunja, wakajaza jamu na krimu chachu. Gudmund akatania kwamba umoja wa jengo hili hauko kwenye katiba ya ushirika, uko kwenye mayai ya Oddny. Wakacheka. Wingu halikusogea.

Hallstein alikula vafeli moja kwa kusimama. Mkono mwingine ulikuwa umeshika drili.

"Kaa," Oddny akamwambia. "Kuna nyingine inatoka."

"Nimeshiba. Jua halipo, Oddny. Nitatumia draya."

"Ngoja kidogo."

"Kuna madirisha mengi na siku ni moja." Akachovya sponji kwenye ndoo, akalowesha kona ya chini ya dirisha la Målfrid ili kioo kisipasuke kwa joto la drili. Maji yakachirizika kwenye mbao. Oddny akafungua chuma kabla ya wakati, vafeli ikatoka nyeupe, laini kama kitambaa, akamwekea Gudmund bila kuitazama.

"Hii imelala mbichi," Gudmund akasema.

"Kula tu, wewe huna meno ya kuchagua," mtu akamjibu.

Hallstein akaweka ncha ya drili kwenye kioo, akaiondoa, akaichunguza. Biti ilikuwa butu. Akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta nyingine, na wakati huo huo wingu likapasuka juu ya ghuba, na jua likapanda mteremko, likapita vichaka, likapita meza, likaupanda ukuta.

Redio bado ilikuwa inacheza. Oddny akamtazama Målfrid. Målfrid alikuwa na kipande cha vafeli mdomoni. Alikitafuna mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaingia ndani, na akodiani ikakatika katikati ya wimbo. Aliporudi hakukaa.

Kioo kikapata joto. Mlango ukafungwa. "Feni hii inatoa joto lote nje," Hallstein wa ujana akasema kutoka ukutani, na Hallstein wa sasa akasimama na mkono mfukoni. Sauti zilikuwa hafifu, lakini upepo ulikuwa umetulia na kila neno lilifika mezani. Torleif akaomba feni iachwe. Wakasikia ule utani wa karatasi na ambulensi. Wakasikia kura ikiitishwa. Makoti yakakwaruza. Watu waliokuwa mezani wakajisikia wakicheka, mmoja mmoja, kila mtu akikijua kicheko chake, na kicheko chembamba cha Målfrid kikawa juu ya vyote. Fyuzi ikatiwa mfukoni. Brashi ikapita kwenye kioo.

"Hallstein. Kichwa kinaniuma."

Dirisha likanyamaza. Chuma cha vafeli kilikuwa kinatoa moshi, Oddny akakifungua.

"Nani alizima feni?" akauliza.

Gudmund aliitazama sahani yake. Mwanamke wa ghorofa ya pili akafunga zipu ya koti la mjukuu wake, akaifungua, akaifunga tena.

"Sitaki kesi," Oddny akasema. "Sitaki mtu aombe msamaha. Nataka mmoja aseme ni nani. Mmesikia wote. Mseme kwa midomo yenu, basi."

"Ni zamani sana, Oddny," Gudmund akasema.

"Najua ni lini. Mimi ndiye niliyemkuta."

"Wengi wa wale hata hawapo tena."

"Wewe upo. Ulikuwa unacheka."

Gudmund akafungua mdomo. Oddny alimwona akivuta pumzi, akauona mdomo ukianza kutengeneza neno, na yeye mwenyewe akashika ukingo wa meza. Watu wote walikuwa wanamtazama Gudmund. Gudmund akawatazama watu. Akaifunga midomo, akameza, kisha akanyoosha mkono.

"Jamu," akasema. "Jamu imebaki?"

Mtu akampitishia jamu. Kikombe kikagonga kisahani. Mwanamke wa ghorofa ya pili akasema sauti za zamani zilikuwa na uzito, siku hizi watu wanaongea puani, na wengine wakakubali.

Hallstein alikuwa bado anatafuta biti. Ili aione vizuri, akatoa vitu vyote vya mfuko wa ovaroli akavipanga pembeni ya meza, karibu na bakuli la uji wa vafeli: penseli ya seremala, utepe wa kupimia, skrubu kadhaa, biti tatu zilizofungwa kwa mpira, na fyuzi moja ya kauri nyeupe, ya aina ya zamani, iliyong'aa kwa kushikwashikwa. Ikalala juani mbele ya wote. Akachagua biti ya vioo. Akavikusanya vingine vyote, na fyuzi, akavirudisha mfukoni.

"Tuendelee kabla jua halijaondoka," akasema. "Jowita, shika sponji. Maji yasikatike."

Drili ikalia. Jowita alikamua maji kwa makini, akiuma ulimi. Ncha ilipotokea upande wa pili, dirisha likashusha pumzi ndefu yenye harufu ya gundi na mafuta ya taa, na ndani ya pumzi hiyo Torleif akasema neno ambalo halikuwa limesikika siku zote zile, labda jina la mtu, labda kikohozi tu. Shakwe walikuwa wanapiga kelele juu ya paa na hakuna aliyelipata. Hallstein akatoboa kitundu cha juu. Akapitisha spiriti, ikatoka kijivu, kisha njano, kisha safi. Draya ikavuma. Vizibo vikaingia.

Målfrid akasogea, akaweka mikono pembeni ya macho, akachungulia sebule yake mwenyewe kutoka nje.

"Kweli sasa kunaonekana," akasema. Kisha akaingia ndani, na baada ya muda akodiani ikasikika tena.

*

Oddny alikusanya sahani, akaosha bakuli kwenye bomba la nje, akapanda kwake. Jua lilikuwa limeshuka mpaka likatazama moja kwa moja sebuleni. Chini walikuwa wanapaka rangi, akawasikia wakibishana kuhusu weupe wake.

Kwenye kona ya chini ya dirisha lake, kati ya vioo, palikuwa na ukungu usiozidi kidole gumba. Asubuhi haukuwepo. Labda ni mtikisiko wa drili, labda ni wakati wake tu. Akavuta kiti, akaegemeza sikio kwenye kona ya mbao.

Kwanza hakusikia kitu. Kisha brashi, mikwaruzo mirefu iliyonyooka, ya mtu anayefunga kioo cha nyumbani kwake. Torleif alikuwa peke yake. Alikuwa anavuma wimbo bila maneno, na mara mbili aliacha ili avute pumzi. Kutoka mbali, nyuma ya milango, kulikuwa na vicheko na vyombo, na sauti ya mwanamke ikiita kwamba vafeli zinapoa. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hakuwa amekumbuka kwamba aliita kwa furaha vile.

"Nakuja," Torleif akasema, taratibu, kwa mtu asiyeweza kumsikia.

Brashi ikawekwa chini. Nyayo zikavuka sakafu, nzito, zikigusa benchi njiani. Kisha swichi: ta. Kimya. Ta, tena. Ta, ta, ta. Feni haikuzunguka.

"Haya basi," Torleif akasema.

Nyayo zikarudi. Brashi ikaokotwa. Mikwaruzo ikaanza upya, polepole zaidi, lakini bado imenyooka, ikazunguka kona ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

Oddny aliinua sikio kabla ya kona ya nne. Alikaa pale, mikono mapajani. Angeweza kuwaita. Wangepanda ngazi wote, wangevua viatu mlangoni, wangesimama sebuleni kwa soksi na kusikiliza swichi. Halafu mtu angeuliza kama kahawa imebaki.

Akaenda jikoni akachukua kopo la puti alilogawiwa asubuhi kama kila mwenye nyumba. Alimega donge, akalikanda viganjani mpaka likalainika na kunuka mafuta ya kitani, akafungua kidirisha kidogo cha pembeni ili aufikie ukingo wa nje. Akaibandika puti kwenye ufa kwa kidole gumba, kuanzia ndani kwenda nje, bila kuinua mkono, namna Torleif alivyomfundisha walipokuwa wachumba.

Chini, Jowita alikuwa anakunja meza. Alikuwa na rangi nyeupe puani na siku nzuri nyuma yake. Aliinua uso, akamwona, akapunga mkono.

"Oddny! Chuma cha vafeli umekizima? Usije ukafanya Torleif!"

Alilitamka vizuri kabisa, kama mtu wa pale. Gudmund akacheka, akampigapiga begani. Hallstein, aliyekuwa juu ya ngazi, hakugeuka; aliendelea kupaka rangi fremu ya ghorofa ya pili, kwa mikwaruzo mifupi.

"Nimekizima," Oddny akajibu, akamalizia kona.